Bomba na Daftari: Jinsi Mji Unavyopima Majitaka Yake

Tarehe 9 Novemba 2011, Kaunti ya Jefferson katika jimbo la Alabama, Marekani, iliwasilisha mahakamani ombi la kufilisika. Kaunti hiyo, yenye mji wa Birmingham uliokuzwa na viwanda vya chuma, ilikuwa na madeni yanayokaribia dola bilioni 4.2. Kiasi cha dola bilioni 3.1 kati ya hizo kilitokana na majitaka. Mpaka siku ile hapakuwa na serikali ya mtaa nchini humo iliyowahi kufilisika kwa kiwango hicho, na rekodi hiyo ilidumu hadi Detroit ilipofilisika mwaka 2013.

Bomba la majitaka linawezaje kuifilisi serikali? Jibu limo katika vipimo viwili ambavyo miji mingi hufanya kila kimoja kivyake. Mhandisi hupima hali ya mabomba, mhasibu hupima hali ya fedha, na ripoti zao huishia kwenye makabati tofauti. Jefferson ililipa gharama ya kusoma moja bila nyingine.

Kuoza kunakoanzia juu

Mtandao wa majitaka hutegemea mteremko. Maji yakipita kwa kasi ya chini ya takriban mita 0.6 kwa sekunde, mchanga na kinyesi hutuama, na hapo kemia huanza. Kwenye utando unaoota ndani ya bomba huishi bakteria wasiohitaji oksijeni, ambao hugeuza salfeti iliyomo katika maji kuwa salfaidi. Kutokana nayo hutoka haidrojeni salfaidi, gesi yenye harufu ya yai viza. Gesi hiyo hupanda na kunasa kwenye unyevu wa dari la bomba, ambako bakteria wa aina nyingine huigeuza kuwa asidi ya salfuriki. Asidi nayo hula zege. Mtafiti C. D. Parker wa Melbourne, Australia, aliwatambua bakteria hao mwaka 1945.

Ndiyo maana bomba la zege huliwa zaidi pale juu ambapo maji hayaligusi. Fundi anayefunua chemba na kuona maji yakipita vizuri anaweza kuondoka ameridhika, ilhali dari la bomba, hatua chache mbele, limebaki jembamba na nondo zake ziko wazi.

Ukaguzi wa kweli huanza kwa kamera yenye taa na magurudumu, inayoshushwa kwenye chemba na kuendeshwa ndani ya bomba huku mkaguzi akitazama picha akiwa juu. Kila ufa, kila kiungo kilichoachana na kila mzizi wa mti uliopenya huandikwa pamoja na umbali wake, kisha kipande hicho cha bomba hupewa alama ya 1 hadi 5: 1 ni zima, 5 limeshaporomoka au linakaribia kuporomoka. Uingereza ilichapisha mwongozo wa kuainisha kasoro hizo mwaka 1980, na Marekani ikapata wake mwanzoni mwa miaka ya 2000. Faida ya alama za pamoja ni kwamba bomba lililopewa 3 leo likipewa 4 baada ya miaka kumi, mji unajua kasi ya uchakavu wake.

Kamera haioni kila kitu. Ili kupima maji yanayopenya kutoka nje, wahandisi hufunga vipimo vya mtiririko na kusubiri usiku wa manane. Saa nane hadi saa kumi, watu wengi wakiwa wamelala, maji yanayoendelea kupita kwa wingi si ya nyumbani. Ni ya ardhini, yanayoingia kupitia nyufa. Kiasi hicho hulinganishwa na cha siku ya mvua. Mtiririko ukiruka mara kadhaa mvua inaponyesha, basi mapaa na mitaro ya mvua imeunganishwa mahali isipostahili. Moshi usio na madhara ukipulizwa kwenye chemba huwataja wahusika, kwa kuwa hutokea kwenye mifereji ya mapaa yao.

Baada ya alama huja swali la athari. Bomba dogo la alama 5 chini ya uchochoro linaweza kuwa na madhara madogo kuliko bomba kuu la alama 3 linalobeba majitaka ya nusu ya mji. Mkesha wa Krismasi wa mwaka 2016, bomba kuu lenye kipenyo cha zaidi ya mita 3 liliporomoka huko Fraser, Michigan. Ardhi ilididimia na familia zikahamishwa. Ukarabati uligharimu takriban dola milioni 75, na bomba hilohilo lilikuwa limewahi kuporomoka sehemu nyingine mwaka 2004. Kwa hiyo wahandisi huzidisha uwezekano wa kuharibika kwa ukubwa wa hasara, na jibu ndilo linalopanga foleni ya matengenezo.

Hesabu ambayo vitabu huificha

Foleni hiyo ikishapangwa, inakwenda kugonga mlango wa mhasibu. Chukua mji wa mfano wenye kilomita 1,000 za mabomba yanayotarajiwa kudumu miaka 80. Ili usirudi nyuma, unapaswa kubadilisha au kukarabati kilomita 12.5 kila mwaka. Ukibadilisha kilomita 2 tu, unalitaka kila bomba liishi miaka 500. Hakuna mkurugenzi atakayesimama hadharani kusema hivyo, lakini bajeti husema kwa niaba yake.

Vitabu vya hesabu huweza kuficha jambo hili kwa uaminifu kabisa. Bomba lililolazwa mwaka 1965 limekwishapunguziwa thamani mwaka baada ya mwaka mpaka likabaki sifuri au karibu na sifuri. Kwenye karatasi halidai kitu. Ardhini bado linabeba majitaka ya kata nzima, na kulibadilisha kutagharimu bei ya leo, si ya 1965. Mamlaka inayotenga fedha za uchakavu kwa bei za zamani inaweza kuonyesha faida kila mwaka huku ikikusanya deni ambalo halijaandikwa popote.

Wakopeshaji wana kipimo chao. Hutoa gharama za uendeshaji kutoka kwenye mapato yaliyokusanywa, kisha hugawanya kinachobaki kwa malipo ya mwaka ya mkopo. Jibu likiwa chini ya 1, mamlaka haiwezi kulipa, hata kama mabomba yake ni mapya.

Ukuta wa mkopo

Jefferson ilianza kwa kutofanya kitu. Baadhi ya mabomba yake yalikuwa ya tangu mwanzoni mwa karne ya 20, na mvua zilipozidi, majitaka yasiyosafishwa yalifurika hadi kwenye mito, ukiwemo Cahaba. Wakazi walikwenda mahakamani mwaka 1993, na makubaliano ya 1996 yakailazimisha kaunti kukarabati mtandao wake pamoja na ule wa miji midogo iliyomo ndani yake. Usipoziba ufa utajenga ukuta, wahenga walisema, lakini hawakutuambia ukuta huo utajengwa kwa mkopo wa masharti gani.

Kaunti ilikopa kwa hatifungani. Kati ya 2002 na 2004 ikabadilisha sehemu kubwa ya deni kutoka riba isiyobadilika kwenda riba inayopanda na kushuka, na juu yake ikaweka mikataba tata ya kubadilishana riba na mabenki. Mambo yalionekana nafuu hadi 2008, pale kampuni za bima zilizodhamini hatifungani zile zilipoyumba katika msukosuko wa fedha duniani. Riba ikapaa na malipo yakawa hayawezekani.

Rushwa nayo ilikuwamo. Larry Langford, aliyekuwa rais wa baraza la kaunti na baadaye meya wa Birmingham, alitiwa hatiani mwaka 2009 kwa kupokea hongo zilizohusiana na mikataba hiyo. Mwaka huohuo benki ya JPMorgan, bila kukiri wala kukana tuhuma, ilikubali kulipa dola milioni 75 na kusamehe dola milioni 647 ilizokuwa ikidai kwa kuvunjwa kwa mikataba.

Mzigo uliwaangukia wenye bili. Tangu mwishoni mwa miaka ya 1990 hadi 2008 bili za majitaka zilikuwa zimepanda na kuzidi mara tatu ya zilivyokuwa. Kaunti ilipotoka kwenye ufilisi Desemba 2013, wadai walisamehe zaidi ya dola bilioni moja, lakini mpango ulipandisha bei kwa asilimia 7.89 kila mwaka kwa miaka minne, kisha asilimia 3.49 kwa mwaka. Hatifungani mpya zilipangwa kulipwa hadi 2053. Kwa mpango huo, mtoto aliyezaliwa Birmingham wiki ile atakuwa na umri wa karibu miaka 40 deni litakapokwisha.

Vipimo hivi kwetu

Dar es Salaam na Nairobi hazina hatifungani za aina hiyo, lakini bomba na daftari vimefungamana huku pia. Nairobi, mteja aliyeunganishwa hutozwa majitaka kulingana na kiasi cha maji anayotumia. Maji ya mgao yakikatika, mita haizunguki, na mapato ya majitaka yanashuka. Wakati uleule bomba linakosa maji ya kulisafisha, mchanga unatuama na gesi inazidi. Mgao mmoja unadhoofisha zege na hazina kwa pamoja. Ongeza mifuniko ya chemba inayoibwa na kuuzwa kama vyuma chakavu, na wakulima wanaoziba mabomba makuu ili kumwagilia mboga, utaona kwa nini alama za kamera pekee hazitoshi.

Dar es Salaam, mtandao wa mabomba hufikia sehemu ndogo ya wakazi. Wengi wana choo cha shimo au tangi, na magari ya kunyonya hupeleka uchafu kwenye mabwawa kama ya Vingunguti. Ukaguzi unaohesabu mabomba peke yake utakuwa umekagua majitaka ya wachache. Magari hayo, bei zake na nafasi iliyobaki kwenye mabwawa ni sehemu ya mfumo, na vinapaswa kuingia kwenye ripoti ileile.

Bei zinapotaka kupandishwa, EWURA, mamlaka inayodhibiti huduma za nishati na maji nchini Tanzania, huitisha mikutano ya taftishi, yaani ya kukusanya maoni ya umma, na Kenya nayo ina utaratibu wa kusikiliza wananchi. Mjadala huko huzunguka zaidi shilingi ngapi kwa uniti. Mwananchi anaweza kuuliza mengine. Ni kilomita ngapi zimepitiwa na kamera, na ngapi zina alama 4 na 5? Mwaka jana zilibadilishwa ngapi? Katika kila shilingi elfu ninayolipa, ni kiasi gani kinakwenda kwenye riba, na je, riba hiyo inaweza kupanda? Mamlaka inayoweza kujibu maswali haya yote katika mkutano mmoja inajua inachokimiliki na inachodaiwa. Isiyoweza, nyongeza ya bei inayoomba haina msingi wa kupimiwa, na wananchi mkutanoni wana haki ya kuirudisha ikafanye hesabu.