Watani wa Ulaya, bendera nyeupe na maiti wa Calais

Asubuhi ya tarehe 6 Mei 2021 mashua za wavuvi wa Kifaransa zipatazo 60 zilijazana nje ya bandari ya St Helier, kisiwani Jersey. Wavuvi walikuwa wakilalamikia masharti mapya ya leseni yaliyowekwa baada ya Uingereza kujitoa katika Umoja wa Ulaya. London ikatuma manowari mbili za doria, HMS Severn na HMS Tamar. Paris nayo ikaleta meli zake mbili. Siku chache kabla yake waziri wa Ufaransa anayehusika na bahari, Annick Girardin, alikuwa amelikumbusha bunge kuwa takriban asilimia 95 ya umeme wa Jersey unatoka Ufaransa kwa nyaya zilizopita chini ya bahari. Maana yake kila mtu aliielewa: mkituchezea, tutawazimia taa.

Hadi jioni wavuvi walikuwa wamekwishaondoka. Lakini ndugu msomaji, sisi tunaoishi huku ugenini tunajua jambo la namna hii likizuka mzaha unaofuata ni ule ule: Mfaransa ataanza kutafuta shuka nyeupe ya kupepea kabla ya chakula cha mchana.

Mzaha huo ulishika kasi mwaka 2003, pale Rais Jacques Chirac alipokataa kuunga mkono vita vya Iraq. Gazeti la The Sun la London lilitoa toleo maalumu la Kifaransa likimchora Chirac kama mnyoo. Huko Washington migahawa ya Baraza la Wawakilishi ilifuta jina la Ufaransa kwenye chipsi zake, ikaziita chipsi za uhuru. Watu wakasahau kuwa bila manowari za Ufaransa mwaka 1781 huenda George Washington asingeshinda kule Yorktown. Na kuhusu Iraq yenyewe, silaha za maangamizi zilizotafutwa hazikuonekana mpaka leo.

Waitalia na Wajerumani nao hawakubaki nyuma mwaka huo huo. Silvio Berlusconi alisimama katika Bunge la Ulaya mwezi Julai akamwambia mbunge wa Kijerumani, Martin Schulz, kwamba angemfaa mtengeneza filamu kwa nafasi ya msimamizi wa kambi ya Wanazi. Naibu waziri wake wa utalii akaongeza matusi kwa watalii wa Kijerumani, na Kansela Gerhard Schröder akafuta likizo yake ya Italia. Naibu waziri akajiuzulu. Hoteli za pwani ndizo zilizoingiwa na wasiwasi, maana Mjerumani ni mteja mkubwa.

Turudi kwa bendera nyeupe. Chanzo cha utani ni Juni 1940, Ufaransa ilipoangushwa na majeshi ya Hitler kwa wiki sita tu. Hilo ni kweli. Kisichosimuliwa baa ni kwamba makumi ya maelfu ya askari wa Ufaransa waliuawa katika wiki hizo sita, na kwamba Waingereza walipookolewa kwa meli kule Dunkirk, Wafaransa wapatao 35,000 walioshika mstari wa mwisho walibaki nyuma wakatekwa.

Tena si Wafaransa weupe peke yao. Tarehe 17 Juni Marshal Pétain alikwishatangaza redioni kuwa silaha ziwekwe chini. Siku mbili baadaye, katika kijiji cha Chasselay karibu na Lyon, askari wa Kiafrika wa kikosi cha 25 cha Tirailleurs Sénégalais walikuwa bado wanapigana. Risasi zilipokwisha wakakamatwa. Wajerumani wakawatenga weusi na weupe, kisha wakawamiminia risasi wale weusi uwanjani. Makaburi yao yapo hapo hapo, yamezungushiwa kuta nyekundu za mtindo wa Afrika Magharibi, na udongo uliletwa kutoka Dakar. Anayesema jeshi la Ufaransa la 1940 lilikimbia lote anawafuta na hawa.

Hata wazee wetu wa KAR wangeweza kutoa ushahidi. Mwaka 1942 askari kutoka Kenya, Tanganyika na Nyasaland walipelekwa na Waingereza Madagascar, kupigana na Wafaransa wa serikali ya Vichy. Ugomvi wa majirani wa Ulaya, jasho la Mwafrika.

Kwetu utani una pande mbili. Mzaramo atamtukana Mnyamwezi mpaka msibani, lakini ni yeye huyo huyo atakayeshika jembe kuchimba kaburi. Huku nimeona zaidi upande wa kwanza.

Tarehe 24 Novemba 2021, miezi sita baada ya sinema ya Jersey, boti ya mpira ilizama katika mlango wa bahari kati ya nchi hizo mbili. Watu wasiopungua 27 walikufa, wengi wao Wakurdi wa Iraq. Walikuwa wamepiga simu kuomba msaada pande zote mbili, na upande wa Ufaransa walijibiwa kuwa wako katika maji ya Uingereza. Siku iliyofuata Waziri Mkuu Boris Johnson alimwandikia Rais Emmanuel Macron barua, akaitangaza kwenye Twitter kabla haijapoa. Paris ikakasirika na kufuta mwaliko wa waziri wa mambo ya ndani wa Uingereza, Priti Patel. Mkutano wa Calais ukafanyika Jumapili, tarehe 28, Wafaransa wakiwa na Wabelgiji, Waholanzi na Wajerumani. Nchi ambayo boti ile ilikuwa inaelekea haikuwemo.