Damu Grupu O, Tafadhali Sambaza

"Jamani, mgonjwa wetu amelazwa Musoma, anahitaji damu grupu O haraka. Tafadhali sambaza kwenye magrupu yote." Ujumbe wa namna hii mara nyingi hauna tarehe wala wodi, na pengine hata namba ya ndugu haimo. Muda si mrefu unakuwa umepita grupu la kwaya Bunda, la wazazi wa shule Butiama, la waliosoma pamoja, ukafika Mwanza, Dar es Salaam hadi Muscat. Kila anayeupokea huusukuma mbele, akaona wajibu wake umekwisha.

Vijijini mkoani Mara, yowe likipigwa usiku watu hutoka mbio. Wanajua pa kukimbilia kwa sababu sauti inawaonyesha, na wakishafika, yowe hunyamaza. La kwenye simu haliishi. Mgonjwa anaweza kupona, au kuzikwa, na nduguze bado wanapigiwa simu na watu wema wanaouliza kama damu imepatikana. Kwa mfiwa, simu hiyo inauma kweli.

Na damu ina taratibu zake. Lazima ipimwe VVU, homa ya ini, kaswende, ndipo aongezewe mgonjwa. Mwanaume huchangia kila baada ya miezi 3, mwanamke 4. Ndugu wa Muscat, hata akiwa na moyo mkubwa kiasi gani, damu yake haitafika wodini. Anayehitajika ni bodaboda wa Nyasho au mwalimu wa Makutano, tena aliyechangia kabla dharura haijatokea.

Ujumbe wa namna hii ukiomba pesa, kuna hatari nyingine. Matapeli wa "ile hela itume kwenye namba hii" wanajua kunakili picha ya mgonjwa na kubadilisha namba. Kabla ya kuweka namba ya siri, simu hukuonyesha jina la mpokeaji. Kama si la mtu uliyetajiwa, acha kwanza, mpigie anayemfahamu mgonjwa. Picha yenyewe, mtu kalala na mipira puani, inaniumiza zaidi. Nani alimwomba ruhusa? Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inahesabu habari za afya ya mtu kuwa taarifa nyeti.

Aprili 2020, wakati wa corona, WhatsApp iliweka kikomo: ujumbe uliokwisha kusambazwa sana upelekwe sehemu moja tu kwa wakati mmoja. Ilipunguza kasi, lakini kuandika tarehe, hospitali na mtu wa kupigiwa ni kazi yetu. Damu ikipatikana, mwombaji aandike palepale: "Imepatikana, asanteni, msisambaze tena."

Mfumo wa m-mama, uliozinduliwa kitaifa mwaka 2022, unafanya kazi kwa njia tofauti. Mjamzito akipata dharura, hupigwa 115 bila malipo. Mtu wa zamu hutafuta gari la wagonjwa; likikosekana, humpigia dereva wa jirani aliyesajiliwa, na malipo yake hutumwa kwa simu. Wanaopewa taarifa ni wachache, na wote wana la kufanya. Makanisa, misikiti na vijiwe vya bodaboda vya Bunda na Butiama vinaweza kuanza vivyo hivyo kwa damu: orodha ya watu walio tayari, grupu zao za damu, tarehe waliyochangia mara ya mwisho, na nakala moja ikakaa maabara ya hospitali iliyo karibu.