Mtoto Arudiaye Swali la Mwalimu Huenda Hana Kiburi

Mwaka 1988 nilikuwa mwalimu wa darasa la kwanza katika shule moja ya msingi huko Pwani. Darasa lilikuwa na watoto wapatao 60, na miongoni mwao alikuwamo mvulana mmoja ambaye, kwa fikira zangu za wakati huo, alikuja shuleni kwa nia moja tu, nayo ni kunifanyia mzaha. Nilipomwuliza, "Unaitwa nani?" alinijibu, "Unaitwa nani?" Hakurudia maneno peke yake, alirudia hata sauti yangu, ikipanda na kushuka palepale nilipoipandisha na kuishusha mimi. Darasa zima likaangua kicheko. Nilimchapa viboko vinne. Nilipomaliza nikamwuliza, "Utarudia tena?" Naye, machozi yakimtiririka, akasema, "Utarudia tena?" Nikamwongeza viwili.

Vituko vya mvulana huyo vilikuwa vingi. Kengele yetu ilikuwa ringi ya gurudumu la lori iliyotundikwa mwembeni, na kila ilipogongwa aliziba masikio akajikunyata chini ya dawati. Vizibo vya soda tulivyotumia katika hesabu alivipanga mstari mmoja ulionyooka, na ole wake aliyekigusa kimoja. Siku tulipohamia chumba kingine kwa sababu ya paa kuvuja, alilia tangu asubuhi hadi saa sita. Yote hayo niliyapa jina moja: utundu.

Kabla ya muhula kwisha, bibi yake alikuja kumwondoa shuleni. Hakuja kwa ugomvi. Nilimwamkia, akaniitikia marahaba, kisha akasema: "Mwalimu mwanangu, huyu hakukejeli. Hata nyumbani akitaka uji huniambia, 'Unataka uji?' nami nikajua ana njaa, nikampa." Sikumwelewa. Nilimwona kuwa ni bibi anayemdekeza mjukuu.

Miaka mingi baadaye, nikisomea elimu maalumu wakati wa likizo, ndipo nilipokutana na habari za daktari Leo Kanner wa Baltimore, Marekani, ambaye mwaka 1943 alichapisha maelezo ya watoto 11 wenye hali ambayo leo kwa Kiswahili tunaiita usonji. Baadhi ya watoto hao walirudia maneno ya watu kama kasuku, na walijiita "wewe" pale walipopaswa kusema "mimi". Nilikiweka kitabu chini. Mtoto wa namna hiyo husikia "Unataka uji?" na mara kikombe cha uji kinatokea, basi kwake maneno hayo yote kwa pamoja ndiyo njia ya kuuita uji. Mimi niliyekuwa nikifundisha viambishi vya nafsi, ni- na u-, nilidhani nimetukanwa. Bibi yule, ambaye sidhani kama aliwahi kukaa darasani, alikuwa ameliona jambo lile lile aliloliona daktari.

Usonji si ugonjwa wa kuambukiza, wala si wazimu. Ni namna ambavyo ubongo hukua tangu awali, na humfanya mtoto apate taabu ya kuwasiliana na kuchangamana na watu, ashikilie utaratibu ule ule, na aghalabu ahisi sauti, mwanga au mguso kwa ukali kuliko sisi. Watoto hawa hawafanani. Yupo asiyesema neno hata moja, na yupo anayesoma gazeti akiwa na miaka minne lakini hajui aanzeje mchezo na mwenzake. Mwaka 1979 Lorna Wing na Judith Gould, walioutafiti mtaa wa Camberwell jijini London, walionyesha kuwa wapo watoto wengi wenye dalili hizi wasioingia barabara katika picha aliyoichora Kanner. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kuwa mwaka 2021 mtu 1 kati ya 127 alikuwa na usonji. Na asiniambie mtu kuwa haya ni mambo ya Wazungu. Victor Lotter aliwatafuta watoto hawa katika miji ya Afrika, Kenya ikiwamo, akawapata, na matokeo yake yalichapishwa mwaka 1978.

Kuhusu chanzo, watu wamesema mengi ya kuumiza. Huku kwetu hutajwa laana, majini na kulogwa. Ughaibuni nako, ambako twadhani kila kitu hupimwa kwa mizani, Bruno Bettelheim alieneza katika kitabu chake cha mwaka 1967 kwamba chanzo ni wazazi wasio na upendo, na akina mama wengi walilia bure. Uvumi kuwa chanjo ya surua huleta usonji ulitokana na makala ya mwaka 1998 ambayo jarida lililoichapisha, The Lancet, liliifuta mwaka 2010. Kinachojulikana ni kwamba urithi wa kimaumbile una sehemu kubwa.

Mwalimu wa chekechea na wa darasa la kwanza aangalie nini? Vitabu vingi vya kigeni huanza na macho: mtoto hamtazami mtu usoni. Hapa nawasihi wenzangu wawe na hadhari. Katika jamii zetu nyingi mtoto aliyelelewa vyema huinamisha macho mbele ya mkubwa, na hiyo ni adabu. Mtazame akiwa na watoto wenzake, si akiwa mbele yako. Je, akiona ndege angani humwonyesha mwenziwe kwa kidole, au hufurahia peke yake? Wewe ukionyesha kitu, hugeuka kukitazama, au huutazama mkono wako? Akiitwa jina hageuki, ilhali husikia karatasi ya biskuti ikifunguliwa chumba cha pili? Mzazi aulizwe kama mtoto alikuwa na maneno kisha yakapotea. Hilo halifai kungoja. Wasichana watazamwe kwa makini zaidi, maana wengi wao huwaiga wenzao wakapita bila kutambuliwa.

Hata hivyo, mwalimu si daktari, wala dalili moja haitoshi. Masikio ya mtoto yapimwe kwanza. Andika kwa majuma mawili yale unayoyaona, tarehe na saa, bila kuongeza hukumu yako, kisha umwite mzazi faraghani. Tangu mwaka 1984 nchi hii ina vituo vya kuwapima na kuwaelekeza watoto wenye mahitaji maalumu, vijulikanavyo kwa kifupi EARC; ofisi ya elimu iliyo karibu nawe itakuonyesha kilipo. Tatizo ni kwamba mzazi wa kijijini huambiwa habari za kituo hicho na nani, ikiwa mwalimu mwenyewe hazijui?

Darasani mambo madogo husaidia: mtoto asihamishwehamishwe kiti, ratiba ya siku ichorwe kwa picha, aambiwe mapema kwamba kengele italia. Viboko vilipigwa marufuku shuleni mwaka 2001, lakini ulimi wa mwalimu haukupigwa marufuku, na kicheko cha darasa zima chauma kuliko mti wa mpera.

Nilirudi kijijini kwao kumtafuta yule bibi. Niliambiwa alikwisha kufariki, na mjukuu wake alichukuliwa na jamaa waliohamia bara. Jirani aliyenipa habari hizo aliniuliza nilikuwa nani kwake. Nilimwambia nilikuwa mwalimu wake.