Kwa nini mtoto aliyechanjwa rota bado huharisha

Matone ya kwanza alipewa akiwa na wiki 6, ya pili wiki 10, na kadi ya kliniki imejazwa vizuri. Sasa ana miezi 9, ana homa, anatapika na kuharisha maji matupu. Choo kikipimwa, virusi vya rota vimo. Wazazi wana haki ya kuuliza: chanjo ile ilifanya kazi gani?

Tuanzie utumbo mwembamba. Virusi hivi, vilivyogunduliwa Melbourne mwaka 1973 na Ruth Bishop na wenzake, huvamia seli zilizokomaa za ukuta wa utumbo, zile zinazofyonza maji na chakula. Seli hizo zikifa, ufyonzaji hupungua. Wakati huohuo virusi hutengeneza protini inayouchochea utumbo kumwaga maji. Wengi bado husingizia meno. Meno hayana kosa.

Kinga inayotakiwa, basi, ni ya palepale utumboni. Kwanza seli zilizovamiwa hutoa interferoni, inayozitahadharisha seli jirani. Baadaye hufika seli za kinga zinazoua zile zilizoambukizwa, pamoja na kingamwili aina ya IgA, ambayo humiminwa kwenye ute na kuvinasa virusi kabla havijagusa ukuta. Lakini IgA hiyo hupungua miezi inavyopita, na aina za rota ni nyingi, hivyo mtoto huweza kuugua tena, ingawa kwa kawaida si kwa ukali uleule. Maambukizi ya kwanza ndiyo yanayotisha, na chanjo huchukua nafasi yake: virusi hai vilivyodhoofishwa, vikipita mdomoni, njia ileile ya ugonjwa.

Haifanyi kazi sawa kila mahali. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2010, ilizuia rota kali kwa asilimia 77 Afrika Kusini, na 49 tu Malawi. Kingamwili alizorithi mtoto kwa mama, vijidudu vingine tumboni na utapiamlo hutajwa miongoni mwa sababu. Wapo wanaoiona 49 wakakunja uso. Mimi naona wameshika namba isiyofaa: kwa kuwa rota kali ilikuwa nyingi zaidi Malawi, huko ziliepushwa karibu kesi 7 kwa mwaka kwa kila watoto 100 waliochanjwa, dhidi ya 4 Afrika Kusini. Tanzania ilianza kuitoa nchini kote mwaka 2013, Kenya 2014.

Huyu wa miezi 9, akiwa bado ananyonya na kunywa, huenda chanjo ndiyo iliyomwepusha na dripu. Antibiotiki haiui virusi, msimpe. Apewe ORS kidogo kidogo: sukari na chumvi hufyonzwa pamoja kupitia seli zilizosalimika, na maji huzifuata. Aongezewe zinki kwa siku 10 hadi 14. Macho yakizama, akilegea au akishindwa kunywa, apelekwe hospitali saa hiyohiyo, hata kama ni usiku.