Stempu yenye jina la Karema

Mkoa wa Katavi ulianzishwa mwaka 2012, lakini jina la sehemu yake moja lilishapigwa kwenye stempu za posta tangu Vita vya Kwanza vya Dunia. Ni Karema, kule mwambao wa Ziwa Tanganyika. Nathubutu kusema kwamba wapo wakusanyaji wa stempu huko Ulaya wanaolifahamu jina hilo kuliko vijana wengi wa Mpanda mjini au wa Litapunga, mkoani humohumo. Inakera kidogo.

Mwaka 1916 majeshi ya Wabelgiji yalitoka Kongo, yakawafurusha Wajerumani upande wa magharibi wa koloni lao, na Septemba 19 yakaingia Tabora. Kwa Karema ilikuwa kama kurudi nyumbani, maana Kapteni Cambier, Mbelgiji, ndiye aliyeanzisha kituo hapo mwaka 1879, kabla hakijakabidhiwa kwa wamisionari wa White Fathers mwaka 1885. Sasa askari wanaandika barua, na barua haziendi bila stempu. Wabelgiji wakachukua stempu za Kongo, toleo la mwaka 1915, zile zenye picha za bandari ya Matadi, maporomoko ya Stanley na uwindaji wa tembo, wakazigonga maneno juu yake. Toleo rasmi lilikuwa na maneno mengi ya Kifaransa na Kiholanzi, yakieleza kwamba hii ni Afrika Mashariki ya Wajerumani iliyo mikononi mwa Wabelgiji. Nyingine ziligongwa jina la mahali tu: KIGOMA, TABORA, KAREMA.

Hapo ndipo penye utata. Katalogi za stempu zinasema hizo za majina ya Karema, Kigoma na Tabora hazikuidhinishwa rasmi, kwa hiyo hazipewi namba kamili kama zile rasmi. Kwa mfanyabiashara hiyo ni dosari. Kwangu mimi ni karatasi ya historia ya Katavi, iwe na kibali cha Brussels au isiwe nacho.

Tatizo kubwa zaidi ni waghushi. Stempu ya kawaida ya Kongo haina bei ya kutisha, na kugonga neno moja juu yake si kazi ya kumshinda mjanja. Basi ukiletewa yenye neno KAREMA, chukua lenzi, uitazame pale muhuri wa posta unapokutana na herufi. Jina lilitakiwa kugongwa kwanza, muhuri ukafuata barua ilipopokelewa posta. Ukiona wino wa herufi umepanda juu ya wino wa muhuri, hiyo stempu ilitumika Kongo kama ilivyo, kisha mtu akaipachika jina baadaye. Soma pia muhuri wenyewe: mji gani, tarehe gani? Stempu ya Karema iliyogongwa muhuri wa mwaka 1912 imejiumbua yenyewe.

Stempu za Wajerumani nazo zina njia yake ya kuchunguzwa. Toleo lao la mwaka 1901 lina merikebu ya Kaiser, Hohenzollern, na picha hiyohiyo waliitumia katika makoloni yao yote, kuanzia Togo hadi Samoa. Tofauti ni jina la koloni na fedha. Ukikuta thamani imeandikwa kwa pesa, ujue ni ya kabla ya mageuzi ya fedha ya mwaka 1905, enzi za pesa 64 kwa rupia moja. Ukikuta heller, ni ya baadaye, rupia ilipogawanywa heller 100. Halafu inua karatasi kwenye mwanga uone kama ina alama ya maji. Vita vilipowabana kwa uhaba wa stempu, Wajerumani walichapa nyingine kwenye mtambo wa misheni ya Wuga, Usambara. Hazikutumika, zilifukiwa ardhini Morogoro na kufukuliwa mwaka 1921.

Waingereza nao waligonga herufi G.E.A. kwenye stempu zao za Afrika Mashariki na Uganda, ndipo mwaka 1922 wakatoa ya Tanganyika yenye kichwa cha twiga. Kwa maoni yangu hakuna stempu ya kikoloni nzuri kuliko hiyo, labda kwa sababu kwa mara moja hatukubandikiwa sura ya mfalme.

Kuanzia mwaka 1935 Kenya, Uganda na Tanganyika zilitumia stempu za pamoja. Stempu moja ingeweza kubandikwa Kampala, Mombasa au Mpanda, na kinachotofautisha ni muhuri tu. Reli kutoka Kaliua ilipofika Mpanda mwaka 1950 kwa ajili ya mgodi wa madini ya risasi, barua za wafanyakazi na jamaa zao zilipata njia ya uhakika. Bahasha ya miaka hiyo yenye muhuri wa MPANDA unaosomeka ina maana kubwa kuliko stempu kumi zilizobanduliwa.

Kwa hiyo neno langu kwa watu wa Litapunga, na kwa majirani wa Katumba ambao wazee wao walikimbia kutoka Burundi na huenda bado wana barua za ndugu: mkifungua sanduku la marehemu babu, msikate stempu pembeni ya bahasha, msiibandue, wala msiitie selotepu. Iacheni bahasha nzima, iwekwe mahali pakavu mchwa wasipofika. Ipigeni picha mbele na nyuma, mwonesheni mwalimu wa historia wa shule ya jirani, kabla hajatokea mpita njia wa kuwapa elfu mbili akaondoka nayo.