Vaisakhi: Sikukuu ya Makalasinga waliolitupa jina la tabaka

Jitambulishe kwa mzee yeyote Kisii ama Nyamira uone. Ukishataja jina, swali linalofuata ni moja: wewe ni wa wapi? Hataki kujua umekodisha nyumba mtaa gani. Anataka kujua kama wewe ni wa Nyaribari, Bobasi, Kitutu, Bonchari, Bomachoge ama Mugirango. Siasa zikifika, hesabu hupigwa kwa koo hizo hizo, na wewe kijana unapangiwa upande kabla hujafungua mdomo.

Sasa sikia hii. Kuna watu ambao kila mwaka, Aprili 13 ama 14, husherehekea siku ambayo wazee wao waliamua kwamba jina lisimpime mtu. Ni Wasikh, wale wenye vilemba tunaowaita Kalasinga. Sikukuu yenyewe ni Vaisakhi.

Mwanzoni ilikuwa sherehe ya mavuno. Aprili huku kwetu ni mvua na palizi ya mahindi, lakini kule Punjab, kaskazini mwa India, ngano huwa imekauka. Kisha mwaka 1699 siku hiyo ikapata maana mpya.

Guru Gobind Singh, kiongozi wa kumi wa Wasikh, aliwaita waumini Anandpur. Baba yake, Guru Tegh Bahadur, alikuwa amekatwa kichwa Delhi mwaka 1675 chini ya utawala wa Mughal. Wasikh husimulia kwamba Guru alishika upanga akauliza: nani atatoa kichwa chake? Kimya. Mwishowe mmoja akasimama, halafu wengine wanne, mmoja baada ya mwingine. Wakaingizwa hemani, umati ukajua wamekwisha. Wakatoka wazima, na mavazi mapya.

Angalia walikuwa nani: mwenye duka, mkulima, mchota maji, fundi wa nguo na kinyozi. Kwa desturi za matabaka ya India, hao hawangekunywa chombo kimoja. Guru akawanywesha maji ya sukari kutoka bakuli moja la chuma. Halafu yeye mwenyewe akapiga magoti, akaomba wamnyweshe. Kiongozi mzima mbele ya kinyozi! Tangu hapo, mwanamume anayekula kiapo hicho huitwa Singh, yaani simba, na mwanamke Kaur. Jina la tabaka linawekwa kando.

Je, waliweza? Si kabisa. Wasikh wengi waliokuja Kenya enzi za ujenzi wa reli, ulioanza 1896, walikuwa Ramgarhia, jamii ya maseremala, wahunzi na waashi. Hadi leo kuna mahekalu Kenya yanayobeba jina hilo. Mambo ya tabaka hayaishi kwa siku moja, wasee. Ndiyo maana wanaikumbuka ahadi kila mwaka.

Wanaikumbuka vipi? Kitabu chao kitakatifu, Guru Granth Sahib, husomwa mfululizo kwa takriban saa 48. Nguzo ya bendera huoshwa na kuvikwa kitambaa kipya. Nyimbo huimbwa, kisha inakuja langar: chapati, dengu na mboga, bure kwa kila mtu, mkiwa mmeketi sakafuni pamoja.

Ukitaka kuona, huhitaji nauli ya India. Panda matatu Kisii, upite Keroka na Sotik hadi Kericho, mji alikozaliwa Joginder Singh, bingwa wa Safari Rally 1965, 1974 na 1976. Pale kuna hekalu kubwa la kumkumbuka Baba Puran Singh, aliyewahi kuishi mjini humo. Vua viatu, funika kichwa, nawa mikono, na usibebe sigara wala pombe. Chukua chakula utakachomaliza.

Kwenye foleni ya chapati hutaulizwa wewe ni wa Bobasi ama wa Kitutu. Ukirudi nyumbani, mgombeaji akikwambia "mimi ni wetu", muulize amefanya nini. Ukoo aubakishe nje, pamoja na viatu.