Safari ya Bukoba na Ua la Kahawa

Ndugu zangu Waislamu, Mwenyezi Mungu ametuamrisha katika Qur'ani tukufu tutembee katika ardhi na kutazama. Kwa nia hiyo niliondoka Buhongwa, nikateremka mjini Mwanza, na jioni nikapanda meli ya New Victoria Hapa Kazi Tu, iliyorejea safarini mwaka 2020 baada ya kutengenezwa. Taa za mji zilipotoweka nyuma yetu, wazee walinyanyua mikono wakawaombea rehema mamia waliozama na MV Bukoba tarehe 21 Mei, 1996. Usiku ukapita salama, alhamdulillahi, na asubuhi tukaiona Bukoba chini ya vilima vyake.

Nchi hiyo ni kijani tupu. Nyumba ya Mhaya huzungukwa na kibanja chake: migomba juu, mibuni chini ya kivuli, na maharage chini kabisa. Mibuni ilikuwa imechanua maua meupe, harufu yake kama asumini. Mwenyeji wangu, mzee mwenye heshima, alinikaribisha kwa buni zilizochemshwa na majani ya harufu nzuri, kisha zikakaushwa. Hizo hutafunwa, hazinywewi.

Nikamsimulia kwamba kahawa asili yake ni Ethiopia, na kwamba masufi wa Yemen katika karne ya 15 waliinywa wapate kukesha kwa dhikri. Huko Makka ilipigwa marufuku mwaka 1511, kisha ikaruhusiwa. Mzee akafurahi sana.

Nikasema, "Mzee wangu, mwaka huu Mungu amekuneemesha."

Akainamisha kichwa. "Maalim, maua hayo si yangu. Nimekwisha kuyauza. Mtoto alihitaji ada ya shule."

"Aliyenunua ni nani?"

"Jirani yangu. Tunasali safu moja."

Desturi hii huko huitwa butura. Mwenye shida huuza kahawa ingali ua, kwa bei ndogo, na mavuno yakifika huenda kwa mnunuzi. Serikali imeikataza, lakini mwenye njaa hasomi tangazo.

Ndugu msomaji, Mtume wetu (S.A.W.) amekataza kuuza matunda kabla hayajaonyesha kukomaa. Hikima yake ni wazi: jua likikausha ua, mnunuzi amepoteza mali yake, mavuno yakiwa mengi, mkulima amenyonywa. Hata hivyo sheria haikumfungia mlango mwenye haja. Iko biashara ya salam: bei hulipwa yote siku ya mapatano, kipimo, sifa na muda vikajulikana, wala haifungwi kwa miti fulani. Na bora kuliko hiyo ni karadha njema, mkopeshaji asitake ziada.

Nasi wa Mwanza tusijione salama, kwani mpunga ungali mbichi shambani huuzwa vivyo hivyo, na wanunuzi wengine hutangulia safu ya mbele.

Vijana, tembeeni mkaone uzuri wa Kagera. Lakini mkiona ua jeupe, ulizeni ni la nani. Na kila msikiti uweke sanduku la karadha, japo dogo, ili jirani asilazimike kuuza jasho lake kabla halijaiva. Mzee yule alinisindikiza hadi njiani, akaniomba dua. Nimemwombea, na ninyi mwombeeni.

Wabillahi tawfiq.